Raspberry Pi Zero 2 W na chipu ya SPI kwa kuchunga batri za sola hapa Goma: maoni yangu

Jibu kwanza, juu najua wengi wenu hamufiki chini: kama unatafuta kabodi kadogo ka kompyuta ka Linux ka kuongea na chipu kwa SPI (njia ya waya nne, nitaieleza chini), Raspberry Pi Zero 2 W inunue, inafanya kazi na haisumbui, ila tafuta ile yenye pini zimeshachomelewa. Na kama kazi yako yote ni kusoma volti ya batri moja basi, usiinunue, iko njia ya bei ndogo zaidi na nitaisema mbele huko.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Shemeji yangu iko na kibanda cha kuchaji simu kule Ndosho, batri tatu za volti 12 chini ya meza, kila moja na paneli yake juu ya mabati na kontrola yake ya chaji ukutani, na kila jioni ni kelele, mteja anakuja kuchukua simu anakuta iko kwenye asilimia 30, kijana wa zamu anasema batri zimezeeka, shemeji anasema batri ni nzima, mutu njo anazimaliza usiku. Akaniita: "Shemeji, weye unajua mambo ya mashini, nipatie kitu cha kuandika hizi batri usiku kucha, juu mimi siwezi kulala hapa." Testa ya mkono inakuonyesha volti ya sasa hivi, ya saa nane za usiku haikwambii.

Sasa kitu ambacho dukani hawakwambii: Raspberry Pi zote za Linux, toka ile ya kwanza ya 2012 mpaka leo, pini zake za GPIO (zile za kuunganishia vifaa) haziwezi kusoma volti. Zinajua iko ama haiko, basi. Ukitaka kujua kama batri iko 12.7 ama 11.9 lazima uweke chipu pembeni ya kugeuza volti kuwa namba, na chipu za kazi hiyo nyingi zinaongea na bodi kwa I2C (njia ingine, ya waya mbili) ama kwa SPI. Mimi nilichukua SPI juu haina maneno ya anwani, kila chipu iko na waya wake wa kuitwa, na zile chipu za miguu 16 unaweza kuzichomeka kwenye bredibodi bila kuchomelea kitu, ukikosea waya unahamisha.

SPI si teknolojia mpya, ni Motorola waliitengeneza miaka ya 1980 na mpaka leo iko kila mahali, kwenye vioo vidogo, kwenye memori, kwenye redio za LoRa. Waya ni nne: SCLK njo saa, inapiga mdundo na wote wanaufuata, MOSI inapeleka data kutoka kwa bodi kwenda kwenye chipu, MISO inarudisha, na CS inaita chipu unayoitaka. CS ikishuka chipu inasikiliza, ikipanda inanyamaza na kuachilia waya wa MISO kwa wengine. Ukielewa hiyo CS umeshaelewa nusu ya shida zote zitakazokupata.

Tuje kwa bodi. Ilitoka Oktoba 2021, bei ya kutangazwa dola 15, urefu 65 mm kwa upana 30, kore nne za Cortex-A53 za 1 GHz, RAM 512 MB, wifi ya 2.4 GHz, mlango wa mini HDMI na micro USB mbili, moja ya kuranti na moja ya vifaa. Hiyo dola 15 kwa Goma isahau, kitu kinapita Kigali, kinapita barieri, kila mkono unaongeza yake, kikifika Birere hapa mjini bei imeshapanda mara mbili na zaidi. Siwalaumu wauzaji, hata wao wanalipa njia. Lakini ujue kwa bei hiyo unaanza kukaribia bodi kubwa kwa wale wenye kuagiza wenyewe, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kutoa franga.

Duka nililonunua ni dogo, liko Birere ndani ndani, jina naliacha. Bodi ilikuwa ya kweli, nembo iko sawa, sanduku lilikuwa halijafunguliwa. Ila kwa chipu njo kulikuwa sinema. Niliomba MCP3008, ile chipu ya kugeuza volti kuwa namba, kijana akaingia nyuma, akarudi na mbili zimefungwa ndani ya karatasi ya alumini. Nikawasha tochi ya simu nisome maandishi mgongoni, juu yale maandishi ni madogo na yanakaa ya kijivu juu ya nyeusi: MCP3208. Nikamuambia ndugu, hii si ile. Akanijibu bila kusitasita, "Mukubwa, ile ni moja tu, iko nafanya kazi sawa sawa." Moja namna gani? "Hesabu miguu, kumi na sita, na ile ingine kumi na sita."

Wapo nyuma yangu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini ukifungua karatasi za kiwanda za hizo chipu mbili unakuta yule kijana, kwa sababu mbaya kabisa, alisema ukweli. Miguu imepangwa vilevile, mguu kwa mguu. Namna ya kuiuliza ni ileile: unatuma biti ya kuanza, biti ya kusema unapima chaneli (mlango wa volti) moja peke yake, biti tatu za namba ya chaneli, halafu chipu inarudisha sufuri moja na jibu, kuanzia biti kubwa kwenda ndogo. Tofauti ni kwamba 3008 jibu lake ni la biti 10, yaani 0 mpaka 1023, na 3208 ni la biti 12, yaani 0 mpaka 4095. Kwa hiyo ukichukua programu yoyote iliyoandikwa kwa 3008 ukaitumia kwa 3208 unapata zile biti 10 za juu, namba inakuja sawa kabisa, unapoteza tu biti mbili za mwisho. Nilichukua zote mbili, na kwa bei ya 3008, juu kwa kawaida 3208 njo ya bei ya juu. Kama duka lako halina 3008 na liko na 3208, usiondoke.

Pini. Zero 2 W ya kawaida inakuja na mashimo 40 matupu. Mutu anayejua kuchomelea anamaliza haraka, lakini mashimo yako karibu karibu na lehemu ikimwagika kati ya pini ya volti 5 na jirani yake unaweza kuua bodi kabla haijawaka hata mara moja. Iko toleo linaitwa Zero 2 WH, pini ziko juu tayari. Ukiliona chukua hata kama wanaongeza dola kadhaa. Kama hulioni, mpelekee fundi wa simu, wale wa simu wako na mkono mwepesi kuliko wa redio.

Kufungua SPI kwenyewe ni sehemu ambayo hii bodi inashinda zingine nyingi, na kusema kweli njo unacholipia. Kwenye bodi zingine za bei ndogo unaweza kukuta SPI ya kwanza imeshatumika na memori ya ndani, unatafuta ya pili, unaandika devicetree (faili la kuiambia Linux vifaa gani viko), unakuta kerneli, yaani moyo wa Linux, inakataa neno "spidev" likiandikwa lenyewe ndani ya devicetree, unaanza kuzunguka. Hapa ni mstari mmoja. Fungua faili la /boot/firmware/config.txt na uhakikishe iko hivi, bila alama ya # mbele:

dtparam=spi=on

Ukipenda menyu, sudo raspi-config, halafu Interface Options, halafu SPI, inafanya kitu kilekile. Washa upya, halafu:

ls /dev/spi*

Ukiona spidev0.0 na spidev0.1 umefika. Ile 0 ya kwanza ni namba ya basi, ya pili ni namba ya CS. Angalia sana jina la faili, juu maelezo mengi ya zamani yanasema /boot/config.txt, na toka toleo la Bookworm la 2023 la Raspberry Pi OS faili limehamia ndani ya /boot/firmware. Lile la zamani ukilifungua unakuta limebaki tangazo la kusema usinihariri, nenda kule. Watu wanaandika humo humo chini ya tangazo, wanawasha upya, wanasema bodi ni mbovu.

Maktaba ya Python ichukue kwa apt (kiingiza programu cha mfumo wenyewe), si kwa pip (kile cha Python), juu pip siku hizi inakataa kuingiza vitu kwenye mfumo na utamaliza mega zako bure:

sudo apt install python3-spidev

Na kama mtumiaji wako ni mwingine si yule wa kwanza, muingize kwenye kundi linaloitwa spi, la sivyo kila kitu kitakuomba sudo.

Sasa hapa chini nataka musikilize vizuri, juu njo mahali watu wanapotea siku nzima. Kabla ya kugusa chipu yoyote, jaribu SPI peke yake. Chukua waya mmoja, unganisha pini ya 19 na pini ya 21. Ya 19 ni MOSI, ya 21 ni MISO, ziko zinafuatana upande mmoja, huwezi kuzikosa. Maana yake bodi inajiongelesha yenyewe, kinachotoka kinarudi. Halafu ndani ya Python:

import spidev
s = spidev.SpiDev()
s.open(0, 0)
s.max_speed_hz = 1000000
print(s.xfer2([1, 2, 3, 170]))

Ikikuandikia [1, 2, 3, 170], bodi ni nzima, kerneli ni nzima, ruhusa ziko sawa, hizo pini mbili umechomelea vizuri, na kuanzia hapo kosa liko kwenye chipu, kwenye waya zako ama kwenye pini zingine. Toa ule waya, rudia, lazima ile namba ipotee, ibaki sufuri tupu ama 255 tupu. Kama bado inarudi 1, 2, 3, 170 bila waya, basi lehemu yako imeunganisha pini mbili. Kitu cha waya mmoja kinakupa majibu yote hayo. Nimeona watu wanabadilisha chipu tatu, wanarudi dukani kugombana, na kumbe ni pini ya 21 lehemu haikushika.

Kuunganisha chipu: SCLK ni pini 23, CS ya kwanza ni pini 24, ya pili ni 26. Kwenye chipu, ukiishika ile nusu duara ikiwa juu, mguu 1 mpaka 8 kushoto ni chaneli za kupokea volti. Upande wa kulia kutoka chini kupanda: 9 ni ardhi, 10 ni CS, 11 inapokea MOSI, 12 inatoa kwenda MISO, 13 ni saa, 14 ni ardhi ya analogi, 15 ni volti ya kipimo, 16 ni chakula chake. Ile 15 na 16 zote zipeleke kwenye volti 3.3, pini ya 1 ya bodi. Usipeleke kwenye 5. Chipu yenyewe itafurahi na 5, lakini itarudisha volti 5 kwenye waya wa MISO na GPIO ya Raspberry inavumilia 3.3 basi, utaichoma. Hapo hakuna kinga yoyote, hakuna fyuzi, inakufa kimya.

Batri ya volti 12 nayo huwezi kuiingiza moja kwa moja. Nimetumia rezistansi mbili kwa kila batri, 47k upande wa batri na 10k kwenda ardhi, katikati njo inaingia kwenye chipu. Hiyo inagawa volti kwa 5.7, kwa hiyo batri ikiwa inachajiwa kwa 14.4 chipu inaona kama 2.53, iko chini ya 3.3, hakuna tatizo. Hizo rezistansi zinakula karibu robo ya miliampea, batri haisikii hata. Weka na kondensa ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa chipu na ardhi, isikose, na fyuzi ndogo karibu na batri, juu waya wa batri ukigusa mahali pabaya unawaka kweli kweli.

Tena usichukue volti kwenye upande wa mzigo wa kontrola, chukua kwenye vichwa vya batri vyenyewe. Kontrola nyingi za bei ndogo zinakata upande wa negativi, sasa ukiunganisha ardhi yako huko unapita nyuma ya kontrola na inaacha kuilinda batri.

Kwa 3208 unaomba hivi, r = s.xfer2([6, 0, 0]) kwa chaneli ya 0, [6, 64, 0] kwa ya 1, [6, 128, 0] kwa ya 2, na jibu unalitoa hivi:

n = ((r[1] & 15) << 8) | r[2]

Halafu n mara 3.3 gawa 4096 mara 5.7 njo volti ya batri. Batri iliyojaa na kupumzika, 12.7, inakupa namba karibu ya 2765. Lakini usiamini ile 3.3 niliyoandika, pima pini ya 1 kwa testa yako uandike kile unachokiona, na rezistansi zetu za hapa ni za asilimia 5, kwa hiyo linganisha na testa mara moja kwa kila chaneli urekebishe ile 5.7. Baada ya hapo kila hatua ya namba ni kama milivolti 4 na nusu kwenye batri, inatosha na kubaki.

Kasi. Hii chipu kwa volti 3.3 usiipite 1 MHz kwa usalama, kiwanda kinatoa 2 MHz ikiwa kwenye volti 5 na 1 MHz ikiwa kwenye 2.7. Na kasi uiandike wewe mwenyewe kila mara, juu kwenye devicetree ya Raspberry ile spidev imeandikiwa mpaka 125 MHz, ukinyamaza unaweza kushangaa chipu inakurudishia takataka. Modi (namna saa na data zinavyofuatana) ni 0, inakubali na 3, ya 1 na ya 2 hapana. Ukiona namba zinakuja kama nusu ya ukweli ama mara mbili ya ukweli, shuku modi kwanza, biti moja imeteleza.

Kelele za umeme njo zilinitesa zaidi. Kibanda kiko na inveta ya bei ndogo, zile za wimbi la mraba, na ikiwaka namba zilikuwa zinaruka ruka. Dawa ilikuwa kusogeza chipu karibu na bodi, waya za SPI zisipite kiganja, na badala yake kurefusha zile waya za kutoka kwa batri, juu volti ya batri inatembea polepole haijali urefu, lakini saa ya 1 MHz inajali sana. Wengi wanafanya kinyume, wanapeleka chipu kwenye batri na kuvuta waya za SPI mita mbili. Halafu programu isome mara nyingi haraka haraka, ipange namba, ichukue ya katikati. Na boksi lenye kifuniko, hii si ya SPI lakini kwa Goma ni lazima, lile vumbi jeusi la volkano linaingia hata mahali hewa haiingii.

Kama hutaki Python kabisa, iko njia ya kerneli yenyewe kwa wale wenye 3008: unaandika dtoverlay=mcp3008:spi0-0-present kwenye lile faili la config, unawasha upya, na volti inakuwa faili ya kusoma kwa cat ndani ya /sys/bus/iio/devices/. Nzuri sana kwa wapenda shell. Ila ujue /dev/spidev0.0 inapotea, juu draiva ya kerneli imeshaichukua, na hilo si kosa.

Shemeji aliomba na kioo kadogo aone namba bila kufungua simu. Nimeweka kale ka inchi 1.8 chenye chipu ya ST7735 kwenye CS ya pili, pini 26, kinashiriki MOSI na saa na chipu ya batri, kila mmoja na kasi yake, hawagombani. CS za moja kwa moja kwenye basi hii ni mbili tu, ukitaka ya tatu unaongeza kwa overlei ingine (mstari wa dtoverlay) ama unaenda basi ya pili. Kwa wengi mbili zinatosha.

Mabaya ya bodi sasa. Haina saa yake ya batri. Kuranti ikikatika na intaneti haipo, ikiwaka tena inaendelea kuhesabu kutoka saa iliyohifadhi mwisho, yaani inakuandikia saa tatu na kumbe ni saa tisa, na kwa kazi yetu hiyo ni hatari juu kijana wa zamu atasema si zamu yangu. Lazima uongeze DS3231, chipu ya saa yenye batri yake, ni ya I2C, inakaa kwenye pini zingine haigusi SPI, bei yake ni ndogo. Pili ni kadi ya memori, ukizima zima bila utaratibu inaharibika, na Goma nani anazimaga kwa utaratibu? Kwenye raspi-config iko Overlay File System, inafunga mfumo usiandikwe, na data unaipeleka kwenye flash ya USB. Flash hiyo inahitaji adapta ya micro USB, nayo hawakupi. Tatu chaja, wenyewe wanasema volti 5 ampea 2.5, usichukue chaja ya simu ya kuokota. Nimetumia kibadilishaji cha 12 kwenda 5 moja kwa moja kutoka kwa batri kubwa zaidi.

Na ilionyesha nini? Batri ya kwanza na ya tatu usiku zinakaa zimetulia. Ya pili inashuka taratibu baada ya kibanda kufungwa, inasimama, asubuhi paneli inaanza kuipandisha kutoka chini sana. Mstari wake unashuka saa zilezile karibu kila usiku, batri iliyozeeka haina saa ya kazi. Shemeji alipoona ule mchoro alinyamaza kidogo halafu akaniuliza kama unaweza kuchapwa kwenye karatasi. Mengine ni ya familia.

Sasa ile njia ya bei ndogo niliyosema: ESP32, kabodi kadogo ka chipu moja. Iko na kipimo cha volti ndani yake, haina Linux, haiogopi kukatiwa kuranti, inakula kidogo sana, na hata SPI iko nayo. Kile kipimo chake hakiko sawa sawa kwenye pembe za juu na chini lakini kwa batri moja kinatosha. Zero 2 W inakuwa na maana ukitaka faili, mchoro, kuingia kwa ssh ukiwa nyumbani, kioo, na chipu kadhaa kwa wakati mmoja. Wenye kukuuzia Linux ya kuwasha taa moja wanakula franga zako.

Namba zangu: bodi kwa SPI naipa 4 na nusu juu ya 5, ile nusu ni ya mashimo matupu. MCP3208 naipa 5. Duka naipa 3, bodi ya kweli na kijana mcheshi, lakini chipu kwenye karatasi bila jina sahihi si kazi, mutu asiyejua angeweza kupewa kitu kingine kabisa cha miguu 16, na viko vingi. Waya za bredibodi pale pale usichukue, ndani ni nyembamba kama nywele na vichwa vinalegea, mimi nilikata kebo ya zamani ya netiweki nikatumia waya zake.